Picha Iliyokosa Ukungu

Saa moja na robo asubuhi, Mama Funguo alikuwa amepiga magoti kwenye baraza la nyumba ya wageni akipangusa vigae, mara akamsikia Mwalimu wa chumba namba nne akipiga ukelele kama mtu aliyekanyaga siafu.

"Lenzi yangu! Jamani, lenzi yangu haipo!"

Ilikuwa lenzi ndefu ya kupigia picha ndege walio mbali, nene kama mchi. Mwalimu ndiye aliyekuwa mkuu wa kikundi cha watu wanne waliofika juzi jioni kupiga picha ndege wa ziwani: yeye mwenyewe, Sista wa chumba namba tano, Mfamasia wa namba sita, na Dereva, ambaye kamera hakuwa nayo ila usingizi alikuwa nao wa kutosha, na alilala ndani ya gari ili alilinde. Hakuna aliyelipwa kwa picha. Kila mtu alikuwa na kazi yake au alikwisha kustaafu, na picha ilikuwa starehe tu, kama wengine wapendavyo bao au mpira.

Mama Funguo alitupa tambara akakimbilia mlangoni. Begi la Mwalimu lilikuwa wazi kitandani. Kamera ipo, na lenzi yake fupi. Betri zipo. Lakini mahali pa lenzi palilala chupa kubwa ya maji, haijafunguliwa, imeviringishwa taulo kama mtoto mchanga.

"Nimelinyanyua begi hili mara mbili tangu niamke," Mwalimu alisema huku mikono iko kichwani. "Uzito ni ule ule. Kumbe nabeba maji!"

Meneja alifika vifungo vya shati havijafungwa. Akakagua kitasa: kizima. Akakagua dirisha: nondo zote zipo. Kisha macho yake yakashuka hadi kiunoni mwa Mama Funguo, kwenye ile pete kubwa ya funguo iliyompa jina.

"Funguo za akiba za vyumba vyote ziko kwa nani?"

"Kwangu, bosi."

"Na kwa nani mwingine?"

"Kwangu tu."

"Basi umejijibu mwenyewe!" Sauti ilifika jikoni, ikafika bustanini, ikavuka ukuta. "Miaka kumi na minane! Kumbe nimemfuga chui nikamkabidhi zizi!"

Watu wakatoka. Mpishi alikuja na mwiko mkononi. Sista alitoka namba tano na kamera yake shingoni, akaitazama, akatikisa kichwa, akaanza kuipangusa kwa kitambaa. Mfamasia alitoka namba sita, shuka begani, akipiga miayo hadi magego yakaonekana.

"Kuna nini? Mmenikatiza usingizi mtamu."

Machozi yalikuwa yanamshuka Mama Funguo, naye alikuwa mtu asiyependa kulia mbele za watu. Akasikia kacha! Mfamasia alikuwa amempiga picha.

"Samahani, mama," alisema. "Mazoea mabaya. Mwanga ulikuwa umekukaa vizuri usoni."

"Na mchele je?" Mpishi akadakia. "Jana nililijaza kopo mpaka mdomoni. Leo umepungua kama kilo mbili. Nilidhani macho yangu yameanza kuzeeka."

"Mnasikia? Lenzi na mchele!" Meneja alinyoosha mkono. "Weka funguo hapo mezani. Nakupa mpaka saa nne. Isipopatikana, napiga simu polisi, na kazi huna."

Mama Funguo aliweka funguo mezani. Kiuno chake kikawa chepesi, moyo ukawa mzito. Alijua vizuri: mfagia vyumba akishaitwa mwizi mara moja, hapati tena nyumba ya kufagia mji mzima.

* * *

Alikwenda kukaa nyuma ya vyumba, kwenye ngazi ya kufulia. Haikupita muda, Sista akaja akakaa pembeni yake, akatoa chupa ya chai na daftari.

Lazima nimweleze huyu Sista, maana Mama Funguo alikuwa amemtazama kwa siku mbili na hajamchoka. Alikuwa muuguzi kwa miaka thelathini na minne. Mwezi wa kwanza wa kustaafu alinunua kamera, na tangu hapo, mwaka wa kumi na moja sasa, husafiri kwa basi na mkoba mmoja, chupa ya chai na daftari. Wenzake hufuata ndege na machweo. Yeye hupiga picha za mikono ya watu kazini. Katika albamu yake ndogo mlikuwa na mikono ya fundi baiskeli akiziba pancha, mikono ya kinyozi akiinamisha sikio la mteja, na ya baba mmoja kituoni akimfunga bintiye kamba za viatu vya shule. Chini ya kila picha ameandika kama alivyokuwa akiandika wodini: saa, mahali, na neno "amekubali". Na kila aliyepigwa hutumiwa nakala yake kwa posta. Wengine walimjibu barua, wakamwalika harusini.

Usiku wa kwanza alimkuta Mama Funguo akikunja mashuka, akamwambia, "Mikono yako inakunja shuka kama inamlaza mtoto. Naomba ruhusa niipige." Katika miaka kumi na minane, hakuna mgeni aliyewahi kumwomba Mama Funguo ruhusa ya jambo lolote.

"Kunywa chai kwanza," Sista alisema sasa. "Mgonjwa hahojiwi na tumbo tupu. Halafu nieleze asubuhi yako yote. Na saa."

"Kwa nini unajisumbua, Sista? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi."

"Kanda la usufi nalibeba vilevile. Nieleze."

Mama Funguo akafuta pua. "Niliamka saa kumi na moja. Saa kumi na moja na nusu nilikuwa nafagia mapokezi mbele. Saa kumi na mbili na nusu nilikuja huku nyuma kumwaga ndoo."

"Ndoo zipi?"

"Hizo." Alionyesha chini ya kila dirisha. Paliwekwa ndoo chini ya kila mrija wa kiyoyozi. "Kiyoyozi kikifanya kazi usiku kucha, kinatoa maji. Ndoo ya nne, ya tano na ya sita zote zilikuwa zimejaa pomoni. Nikazimwaga kwenye maua. Saa moja kasorobo Mwalimu alipita kwenda kunywa chai. Nikaanza vigae. Saa moja na robo ndio ukelele."

"Na milango hii ya nyuma?"

"Kila chumba kinao. Hufungwa kwa komeo, kwa ndani tu. Hauna ufunguo."

Sista aliandika yote. Kisha akauliza, kama anajiuliza mwenyewe, "Mwizi gani anaiba lenzi akaacha kamera? Ni sawa na kuiba mfuniko ukaacha sufuria. Halafu anaweka chupa ili uzito usibadilike. Mwizi wa kukimbia hajali uzito, mwanangu. Anayejali uzito ni yule anayetaka kurudisha kabla hajagunduliwa."

Mama Funguo akaacha kulia. Hakuwa amelifikiria hilo.

* * *

Saa mbili na dakika ishirini Sista alimkuta Mwalimu kwenye kiti cha baraza, ameshika tama. Mama Funguo alisimama karibu na ndoo yake ya maji, akijifanya anakamua tambara.

"Mwalimu, mlango wako ulikuwa umefungwa wakati wote?"

"Wakati wote! Mimi si mtoto."

"Ukienda kuoga je? Bafu liko mwisho wa ukumbi."

Mwalimu akakohoa. "Kuoga ni dakika kumi tu, Sista."

"Swali langu si la dakika. Ulifunga?"

"Sikufunga," alisema polepole. "Ilikuwa saa kumi na moja na dakika arobaini. Kila mtu alikuwa amelala."

"Mmoja hakulala," Sista akasema, akaandika.

Kumbe ufunguo wa akiba haukuhitajika hata kidogo! Mama Funguo alitaka kukimbia kumwambia Meneja, Sista akamzuia kwa jicho. Jicho la muuguzi hilo, likikwambia tulia, unatulia.

Dereva naye ndiye ambaye Meneja alikuwa amemgeukia sasa. Alikuwa amembana kwenye bonati ya gari, ananyooshea kidole viatu vilivyojaa tope la ziwani.

"Tope hili umelitoa wapi?"

"Ziwani, bosi. Nilichota maji saa kumi na mbili kamili nikaosha gari. Au gari lenu huku hujiosha lenyewe?"

"Usinichezee! Fungua buti."

Dereva alifungua. Mlikuwa na tairi la akiba, jeki na fulana moja iliyohitaji maombi kuliko sabuni. Hakuna lenzi.

"Kaka," Sista akamwuliza kwa upole, "usiku kuna aliyeacha kamera garini?"

"Hakuna. Juzi Mwalimu alisahau moja nikamgongea mlango. Jana zote ziliingia vyumbani. Funguo ya gari nimelalia, ona alama hii shavuni."

"Na ulipokuwa ziwani, ulimwona mtu?"

"Kulikuwa na giza bado. Ila nilipokuwa nasugua tairi nilisikia pwaa! kwenye gati. Nikadhani samaki mkubwa."

Jikoni, Mpishi alithibitisha kwamba aliwasha jiko saa kumi na mbili, na saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano akaenda getini kupokea maziwa, akapiga soga hadi saa moja kasoro ishirini. Mlango aliuacha wazi.

"Mchele wako mbichi unaliwa?" Sista akamwuliza.

"Na nani, kuku?"

"Basi aliyeuchukua hakuwa na njaa."

Walipotoka, Sista alimshika Mama Funguo mkono. Uso wake ulikuwa umechangamka kama wa binti aliyeitwa kucheza.

"Kitendawili."

Hata katika shida, mdomo wa Mama Funguo ukajibu wenyewe. "Tega."

"Mwanangu akikaa ndani macho makavu, akitoka nje machozi yamtoka."

Mama Funguo akafikiri. "Mvivu akiitwa kulima?"

Sista alicheka mpaka akashika ubavu. "Hapana. Nipe mji."

"Chukua mji wowote, Sista, ila usio na meneja."

"Haya, nimeupokea. Jibu nitalitoa mbele ya wote. Kawaite."

* * *

Saa tatu na nusu wote walikuwa barazani. Meneja alikaa na simu mkononi. Funguo zilikuwa mezani mbele yake.

"Mwalimu," Sista alianza, "ingia chumbani kwako, ulete kamera yako, na ukitoka tu unipige picha. Usingoje."

Mwalimu aliingia, akatoka, akapiga. Akaangalia kioo cha kamera, akaipitisha kwa watu. Sista hakuonekana. Palikuwa na weupe mtupu, kama maziwa yaliyomwagika.

"Imeharibika?" Meneja aliuliza.

"Haijaharibika. Inalia. Hiyo ndiyo maana ya kitendawili changu. Vyumbani mna baridi ya kiyoyozi. Huku nje pana joto na unyevu wa ziwa. Kamera ikitoka kwenye baridi ghafla, kioo chake kinashika ukungu, na hautoki mpaka dakika ishirini zipite. Ndiyo maana asubuhi nilitoka nikaipangusa yangu bure tu."

"Mimi ndiye niliyewafundisha hilo," Mwalimu alisema. "Siku ya kwanza kabisa."

"Ndiyo. Sasa, Mfamasia, mdogo wangu, mbona umekaa mbali? Tuonyeshe picha uliyopiga asubuhi."

Mfamasia aliacha kutikisa mguu. "Picha ipi?"

"Ya machozi ya huyu mama."

Aliitoa. Angekataaje, watu wote macho yamemwelekea? Picha ilikuwa na saa pembeni: saa moja na dakika kumi na nane. Na ilikuwa nzuri, kweli tupu. Kila kope la Mama Funguo lilihesabika. Tone la chozi lilikuwa limesimama shavuni, na ndani ya tone unaiona taa ya baraza.

Mwalimu ndiye aliyeelewa wa kwanza. Akajipiga paji la uso. "Haina ukungu!"

"Haina hata chembe," Sista alisema. "Ulituambia umetoka usingizini, Mfamasia. Lakini kamera yako haikutoka chumbani. Ilikuwa nje muda mrefu, imeshazoea joto."

"Kiyoyozi changu kibovu," Mfamasia akasema haraka. "Nimelala na joto usiku kucha."

Mama Funguo hakujua kwamba sauti yake ilikuwa bado ipo mpaka alipoisikia. "Kibovu? Ndoo yako nimeimwaga saa kumi na mbili na nusu, ilikuwa imejaa hadi inamwagika. Kiyoyozi kibovu hakijazi ndoo, bwana. Hiyo ni kazi yangu, naijua."

Mpishi akaguna, "Mh! Hapo umegusa mfupa."

"Basi kamera niliiacha garini."

"Gari gani?" Dereva akauliza. "Hili nililolala ndani yake na ufunguo shavuni?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu ilikuwa imeishia ukutani. Mfamasia alitazama huku na huku. Sista hakupandisha sauti. Alizungumza naye kama anavyosemeshwa mgonjwa anayeogopa sindano.

"Nitakueleza ninavyofikiri, unisahihishe. Mwalimu alikwenda kuoga, ukaingia kwake. Ukachukua lenzi, ukaweka chupa, ukatokea mlango wako wa nyuma kwenda gatini. Kabla hakujapambazuka vizuri ukaanza kuifunga lenzi kwenye kamera. Ikaponyoka. Dereva akasikia samaki. Ukaingia majini ukaitoa. Na mtu wa kamera akiwa na kitu kilicholowa, anakumbuka jambo moja tu."

"Mchele!" Mpishi alipiga mwiko kwenye kiganja. "Simu ya dada yangu ilitumbukia kisimani, tukaizika kwenye mchele siku tatu!"

"Mchele hunyonya maji," Sista alisema. "Ulisubiri gatini hadi uliposikia kelele, ukapita chumbani, ukatupia shuka begani, ukatoka mbele ukipiga miayo. Ungenyamaza tu hapo, nisingekuwa na la kukushika. Lakini uliona picha nzuri, mdogo wangu, na kidole kikakushinda."

Meneja akainuka. "Nikapekue chumba chake!"

"Kaa, bwana. Hakuna atakayefunua begi la mtu. Nimefanya kazi wodini, najua aibu ya kufunuliwa shuka mbele za watu. Lenzi ataileta mwenyewe."

Mfamasia akasimama, akaingia namba sita, akarudi na foronya iliyotuna. Akaiweka mezani. Mchele ukamwagika, na katikati yake ikaonekana lenzi, ina tone la maji lililonaswa ndani ya kioo.

"Miaka sita," alisema akimtazama Mwalimu, "picha zangu za ndege hutoka kama punje za pilipili manga. Zako hutundikwa maktaba. Nilikuomba mara mbili uniazime lenzi hiyo. Ulinijibu nini?"

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Nilikwambia tatizo si lenzi, ni jicho lako."

"Mbele ya kikundi kizima! Nilitaka asubuhi moja tu, nijue kama ni kweli. Nilitaka niirudishe kabla hujafungua begi. Sikuwa naiba."

"Lenzi hukuiba," Sista alisema. "Jina la mtu je?"

Hapo Mama Funguo alisogea mbele. Alikuwa mfupi, Mfamasia mrefu, lakini aliyelazimika kutazama chini kwa haya hakuwa yeye.

"Nina swali moja tu. Wakati bosi ananiita chui, wewe ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia, mama."

"Na ulijua si mimi."

"Nilijua."

"Ukanipiga picha."

Mfamasia alichukua kamera yake kwa mikono miwili, akamnyooshea. "Uifute wewe mwenyewe. Au nifanye utakavyo. Lenzi nitailipia hata kwa mwaka mzima. Lakini wewe sijui nikulipe nini. Nisamehe."

Mama Funguo aliitazama ile picha kwa muda. Sista alimwacha aitazame. Alijua pa kunyamaza, na hicho ndicho kipaji chake kikubwa kuliko kamera. Kisha Mama Funguo akabonyeza pale alipoonyeshwa, na uso wake uliokuwa unalia ukatoweka.

"Msamaha nitakupa," alisema, "ila si leo. Leo bado unauma."

Meneja alikuwa amezisogeza funguo taratibu kuvuka meza kwa kidole kimoja. "Haya, Mama Funguo," alinong'ona. "Yamekwisha. Tusameheane, turudi kazini."

Mama Funguo hakuzigusa.

"Sijasikia, bosi."

"Nimesema samahani."

"Asubuhi hukusema hivyo. Asubuhi ulipaza sauti hadi jirani akachungulia ukutani. Umeniita mwizi kwa sauti ile, niombe radhi kwa sauti ile ile."

Meneja alimtazama Sista, Sista akatazama zake ziwa. Akamtazama Mwalimu, Mwalimu akajifanya anapuliza mchele kwenye lenzi. Basi akavuta pumzi, akafunga kile kifungo cha juu cha shati, akageukia bustani.

"Mama Funguo si mwizi!" alipaza. "Mimi ndiye niliyekosa! Namwomba radhi!"

Sauti ilifika jikoni, ikapita bustanini, ikavuka ukuta. Kisha jirani, ambaye hakuonekana ila upara, akajibu kutoka upande wa pili:

"Tumesikia!"